Msimu wa kriketi shuleni: mwongozo kwa mwalimu anayeanza

Kila Januari shule zikifunguliwa, walimu wa michezo huniuliza maswali yaleyale. Nianze na nini? Nina wanafunzi 15 tu, wanatosha? Uwanja wetu ni wa mpira wa miguu, tutachezea wapi? Nani atahesabu mikimbio, yaani alama za mchezo? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Ninaandika nikiwa nimewafikiria walimu wa sekondari za kutwa za Dar es Salaam na Pwani, ambako ndiko nilikofundishia. Ukiwa Arusha, Dodoma au Mombasa, badilisha miezi ya mvua, mengine yatakufaa vilevile.

Sheria zote za mchezo sitazieleza hapa, utajifunza mojamoja uwanjani. Ila kuna jambo nataka ulishike tangu sasa: klabu za shule hazifi kwa kukosa vipaji, na mara chache hufa kwa kukosa magongo. Hufa katikati ya msimu. Mechi tatu zinaahirishwa mfululizo kwa mvua au mitihani, watoto wanakaa mwezi mzima bila kugusa mpira, na wakija kuitwa tena nusu yao wako kwenye netiboli na mpira wa miguu. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini ni kalenda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwa timu moja ya wanafunzi 11 hadi 16:

- Magongo 4, mawili ya saizi ya watu wazima na mawili madogo. Mtoto wa Kidato cha Kwanza akipewa gongo zito atalishika kama mwiko wa ugali na hatajifunza kulinyoosha.
- Jozi 3 za pedi za miguu, jozi 3 za glavu, helmeti 3 zenye chuma cha usoni. Nasema 3 kwa sababu wapigaji wawili wako uwanjani na wa tatu lazima awe amekwisha kuvaa, anasubiri.
- Vikinga kinena, kila mvulana na chake. Hiki hakiazimwi.
- Glavu na pedi za wiketikipa (mdakaji anayesimama nyuma ya mpigaji), seti 1.
- Stampu (vijiti vitatu vinavyosimamishwa nyuma ya mpigaji) seti 2 pamoja na beili zake, vile vijiti vidogo vinavyolazwa juu. Kwenye udongo mgumu tafuta zenye kitako cha chuma.
- Mipira ya tenisi 12 na roli kadhaa za tepu ya fundi umeme.
- Mipira ya ngozi 4. Ya kawaida ina uzito wa gramu 156 hadi 163. Wasichana hutumia ya gramu 140 hadi 151, na watoto walio chini ya miaka 13 ya gramu 133 hadi 144. Soma maandishi yaliyo kwenye mpira kabla ya kulipa.
- Mkeka wa pichi (ukanda wa katikati ya uwanja unaochezewa), ikiwa shule haina pichi ya saruji. Mikeka mizuri ni ya usumba, nyuzi zilezile za makumbi ya nazi zinazosokotwa kamba.
- Daftari la alama, penseli (kalamu ya wino haifutiki), na sanduku la huduma ya kwanza.

Usikate tamaa ukiona orodha ni ndefu. Ukiwa na magongo mawili, stampu na mipira ya tenisi, unaweza kuanza Jumatatu ijayo. Kwa vifaa vingine andika barua kwa Chama cha Kriketi Tanzania na kwa klabu iliyo karibu nawe. Klabu kubwa huwa na pedi na magongo ya zamani yaliyokaa stoo, nazo hufurahi kumpa mwalimu anayekwenda mwenyewe, na orodha ya wanafunzi mkononi.

Hatua ya 1: Panga kalenda kabla ya kumwambia mtu yeyote

Chukua karatasi, andika miezi 12, kisha anza kukata.

Kata Machi hadi Mei, ni masika. Kata Novemba, kwa sababu Kidato cha Pili na cha Nne wana mitihani ya taifa na vuli imekwisha kushika. Kata wiki za UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, maana wachezaji wako wazuri ndio walewale wanaokimbia mita 400 na kucheza mpira wa mikono. Mwezi wa Ramadhani, ambao miaka hii unaangukia Februari na Machi, usiweke mechi. Weka mazoezi mepesi ya kudaka kwa watakaoweza. Utabakiwa na Januari na Februari za kujifunza, na Julai hadi mwanzoni mwa Oktoba za mechi.

Sasa hesabu Jumamosi. Shule 4 zikicheza nyumbani na ugenini, kila shule ina mechi 6, yaani Jumamosi 6. Ongeza 2 za akiba na 1 ya fainali. Jumla 9. Ukianza wiki ya pili ya Julai unamaliza Septemba.

Kosa la kawaida ni kuziona Jumamosi za akiba kama anasa. Mwaka wangu wa pili nilipanga ligi Aprili kwa sababu uwanja ulikuwa wazi, wala sikujiuliza kwa nini ulikuwa wazi. Tulicheza mechi mbili kati ya sita. Wasichana wanne waliokuwa wameanza kurusha vizuri kabisa hawakurudi tena, na hadi leo inaniuma.

Hatua ya 2: Ruhusa

Barua kwa mkuu wa shule iwe ya ukurasa mmoja: siku za mazoezi, tarehe za mechi, nani anasimamia, usafiri unalipwa na nani. Ambatanisha kalenda yako. Mkuu wa shule akiona umeshaikwepa mitihani, nusu ya kazi imekwisha.

Kila mzazi asaini fomu. Fomu iseme wazi kwamba mpira ni mgumu, itaje helmeti, na iulize kuhusu pumu, kifafa na miwani. Usimchezeshe mtoto ambaye fomu yake haijarudi, hata kama ndiye mrushaji wako bora.

Hatua ya 3: Andikisha wengi, usichuje mapema

Lenga 22 hadi 25. Watatu watahama shule, wanne watakatazwa nyumbani, wengine watachoka. Ukianza na 11, kufika Agosti huna timu.

Mchujo wa wiki ya kwanza ni kosa. Wiki ya kwanza anayeng'ara ni mwenye mabavu, na kriketi ina kazi kwa kila umbo. Simulia watoto habari ya Collins Obuya: mwaka 2003, Nairobi, Kenya ilicheza na Sri Lanka katika Kombe la Dunia, naye akawatoa wapigaji 5 kwa kuruhusu mikimbio 24 tu, bila kurusha kwa kasi. Alikuwa akizungusha mpira kwa kifundo cha mkono. Kenya ikaenda hadi nusu fainali. Mtoto mwembamba wa Kidato cha Pili akisikia hivyo anakaa wima.

Hatua ya 4: Tengeneza uwanja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto huumia.

Pichi ielekee kaskazini na kusini, jua lisimpige mpigaji machoni. Kwenye uwanja wa mpira wa miguu, iweke katikati. Umbali kutoka stampu hadi stampu ni mita 20.12. Usipime kwa hatua. Kata kamba ya urefu huo, funga fundo kila mwisho, iweke kwenye sanduku la vifaa na isitoke humo. Kwa watoto wa shule ya msingi mimi hufupisha hadi karibu mita 17.

Stampu tatu zikisimama, upana wake wote ni sentimita 22.9, na mpira usiweze kupenya katikati yake. Krisi ya kupigia, yaani mstari wa mpigaji, chora mita 1.22 mbele ya stampu. Chora kwa chokaa, na ile ya mrushaji ichorwe upya kila mapumziko kwa sababu viatu huifuta na ugomvi wa nobo (mpira usio halali kwa sababu mrushaji amevuka mstari) huanzia hapo.

Sasa mkeka. Jioni kabla ya mechi, fagia ardhi, okota kokoto kwa mkono, nyunyiza maji kidogo kisha vingirisha rola. Kama huna rola, pipa lililojazwa maji linafaa. Asubuhi kunjua mkeka. Pigilia mwisho mmoja kwanza, kona zote mbili. Halafu wanafunzi sita washike mwisho wa pili, waegemee nyuma kwa uzito wao wote, na mmoja apigilie wakiwa bado wanavuta. Pande za pembeni zifuate, ukianzia katikati kuelekea miisho. Misumari iwe ya inchi 6 na kila mmoja uwe na washa (kile kiringi bapa cha chuma), la sivyo kichwa kitapenya nyuzi.

Ukimaliza, vua viatu utembee juu ya mkeka wote. Nyayo zitakuambia palipo na mkunjo kabla ya jicho. Mita 4 hadi 7 mbele ya mpigaji ndipo mipira mingi inapodunda, na mkunjo wa unene wa kidole mahali hapo unaurusha mpira kidevuni. Ukiupata, ng'oa misumari ya upande ule uvute tena. Usiupige nyundo.

Onyo: hesabu misumari. Iliyoingia 24, itoke 24. Jumapili kuna watoto watacheza mpira wa miguu pekupeku hapo hapo.

Hatua ya 5: Mazoezi, wiki 6 za kwanza

Siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu. Zaidi ya hapo wazazi watalalamika na watakuwa na haki.

Wiki 1 na 2: kudaka, kurusha kwa mkono ulionyooka, kukimbia kati ya wiketi (zile seti mbili za stampu) huku gongo likiburuzwa ardhini hadi ndani ya krisi. Tumia mpira wa tenisi mtupu.

Wiki 3 na 4: uvishe mpira wa tenisi tepu ya umeme. Unakuwa mzito kidogo na kasi yake inaongezeka, lakini hauvunji jino. Gawa vikundi vya watoto watano: mmoja apige, wawili warushe, wawili wadake, mbadilishane kila baada ya dakika 8. Mwalimu anayewapanga watoto 20 mstari mmoja kusubiri gongo moja anawafundisha kusimama.

Wiki 5 na 6: mpira wa ngozi. Kuanzia hapa hakuna anayepiga bila helmeti, pedi, glavu na kikinga kinena, na wiketikipa anayesimama karibu na stampu avae helmeti pia. Mwenye umri chini ya miaka 15 asidakie ndani ya mita 7.3 kutoka kwa mpigaji, na chini ya miaka 13 iwe mita 10. Hivyo ndivyo Uingereza wanavyofanya kwa vijana wao nami nimeichukua kama ilivyo, baada ya kumwona kijana wangu akipigwa kwenye shavu akiwa hatua tatu tu kutoka kwenye gongo.

Warushaji wa kasi uwapunguzie. Chini ya miaka 13, ova 5 (ova moja ni mipira 6 halali) kwa mfululizo na 10 kwa siku, basi. Wa miaka 14 na 15, ova 6 na 12. Mgongo wa mtoto bado unakua, na maumivu ya kiuno kwa mrushaji mdogo hayakandwi kwa maji ya moto halafu akarudishwa uwanjani. Apumzike na aonwe na daktari.

Gongo jipya lisiguse mpira wa ngozi siku ya kwanza. Lipake mafuta ya kitani, liache usiku mzima, kisha ligonge kwa nyundo ya mbao polepole, saa 4 hadi 6 kwa jumla. Wape wanafunzi wapokezane. Magongo mengi ya shule niliyoyaona yamepasuka yalipasuka mwezi wa kwanza.

Hatua ya 6: Fundisha waandika alama wawili

Usiache kazi hii kwa aliyeumia mguu siku hiyo. Chagua wawili wanaopenda hesabu na uwafundishe kama unavyomfundisha mrushaji. Kila mmoja aandike daftari lake, na mwisho wa kila ova walinganishe.

Chukua ova hii: nukta (mpira usio na mkimbio), 1, waidi (mpira uliopita mbali na mpigaji), 4, nukta, ametoka, 2. Utaona matukio 7, kwa sababu waidi haihesabiki kama mpira halali na lazima irudiwe. Mipira halali ni 6. Asha alikuwa akipiga. Amecheza nukta, amepata 1, akavuka. Sasa Neema ndiye anapiga: waidi, kisha 4, nukta, halafu wiketi yake ikaanguka. Rehema ameingia akapata 2. Asha 1, Neema 4, Rehema 2, jumla 7. Ongeza ziada 1 ya waidi, 8. Mrushaji ameandikiwa mikimbio 8 na wiketi 1. Mikimbio ya wapigaji ukiijumlisha na ziada lazima ilingane na jumla ya timu. Isipolingana, simamisheni mchezo papo hapo mtafute. Ova tatu baadaye hakuna atakayekumbuka.

Kosa ninaloliona kila mwaka: ova 14.3 si kumi na nne nukta tatu ya darasani. Ni ova 14 na mipira 3, yaani 14 na nusu. Ukigawa mikimbio kwa 14.3, wastani wa timu kwa kila ova utakuwa wa uongo na msimamo wa ligi utakosewa. Tena timu ikitolewa yote katika ova ya 15 ya mechi ya ova 20, wastani wake hugawanywa kwa 20.

Hatua ya 7: Anza na mechi ndogo

Usiingie moja kwa moja kwenye 11 kwa 11. Cheza 8 kwa 8 kwa jozi. Kila timu inaanza na mikimbio 200. Wapigaji wanaingia wawiliwawili, kila jozi inapiga ova 4, jumla ova 16. Mtu akitoka, timu inapunguziwa mikimbio 5, lakini yeye anaendelea kupiga. Warushaji hupeana zamu ili kila mtoto apate ova zake. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayetolewa mpira wa kwanza akakaa chini ya mwembe saa mbili akichora mchangani.

Mkiwa tayari, nendeni ova 20, ambapo mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4. Pointi: ushindi 2, sare au mechi iliyokatishwa na mvua 1, kushindwa 0. Andikeni kanuni hizi kabla ya mechi ya kwanza, shule zote zisaini.

Hatua ya 8: Siku ya mechi

Ova 20 kwa kila upande huchukua kama saa tatu. Anzeni saa 2 asubuhi, mmalize kabla jua la saa 6 halijawaka. Maji ya kunywa yawe uwanjani, si ofisini. Kurusha shilingi kuwe dakika 20 kabla. Waamuzi wawili, kila shule itoe mmoja, na wapeane mkono mbele ya watoto.

Fundisha mapema kwamba "Hauzati!" (yaani je, ametoka?) ni swali kwa mwamuzi na jibu lake linakubaliwa. Aliyeambiwa ametoka, anatoka. Nahodha ndiye pekee anayeruhusiwa kuuliza.

Mchezaji akipigwa kichwani, hata akisema yuko sawa, avue pedi, asirudi uwanjani siku hiyo, na apelekwe hospitali. Radi ikinguruma, wote watoke, na msirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Matatizo na majibu yake

*Wapinzani hawajatokea.* Subiri dakika 30, andika kwenye daftari, kisha wagawe watoto wako wacheze wenyewe. Wasirudi nyumbani bila kucheza.

*Mpira unadunda chini mno, unateleza.* Ardhi chini ya mkeka imelowa. Ngoja ikauke. Ukidunda juu ovyo, kuna kokoto au mkunjo: funua.

*Mrushaji wangu anatoa waidi nne kila ova.* Mara nyingi anakimbia mbali kupita uwezo wake. Mpunguzie mbio ziwe hatua 5, arushe akilenga kiatu kilichowekwa mkekani, kisha aongeze hatua moja moja.

*Wanapiga mipira yote juu na kudakwa.* Kwenye mazoezi, anayepiga juu apoteze zamu. Wiki mbili zinatosha.

*Wasichana wanaacha.* Waulize wenyewe, usiulize wavulana. Majibu niliyopata mimi yalikuwa mawili: hakuna pa kubadilishia nguo, na wakati wa mazoezi wao hudaka tu, hawapewi gongo. Yote mawili niliyarekebisha bila kutumia senti. Timu ya wasichana wa Rwanda chini ya miaka 19 iliwafunga Zimbabwe na West Indies kwenye Kombe la Dunia la 2023, waambie.

*Wazazi wanauliza mchezo huu utampeleka wapi mtoto.* Usiahidi pesa. Waambie vijana wa Tanzania chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, kisha waalike Jumamosi moja waje waone. Weka viti kivulini, nyuma ya mpaka, na mwombe mmoja wao akae na waandika alama. Huyo ndiye atakayekuja kila wiki.

*Vifaa vinapotea.* Andika namba kwa rangi kwenye kila kitu, mpe mwanafunzi mmoja ufunguo na daftari la kuazimisha, akague kila Ijumaa. Msimu ukiisha, kausheni pedi juani siku nzima kabla ya kuzifungia. Ukizihifadhi na jasho, Januari utakuta panya na ukungu. Mkeka uvingirishwe ukiwa mkavu kabisa, uinuliwe juu ya matofali, na kamba ya mita 20.12 iwekwe ndani yake.